Chungu na Kifuniko

Jumatatu, 4 Septemba

Shule imefunguliwa kwa vumbi. Nimepangusa meza yangu mara mbili, na kabla ya kengele ya saa nne ningeweza kuandika jina langu juu yake kwa kidole.

Nimerudi na mambo kichwani. Likizo yote nilikuwa kwenye mafunzo ya walimu, na mkufunzi wetu alitueleza kitu ambacho sijawahi kuambiwa tangu nishike chaki: mtoto hasomi vizuri kwa kuogopa wala kwa kuhongwa. Anasoma akijiona ana hiari, akijiona anaweza, na akijiona yuko na watu wake. Mambo hayo matatu tu, aliyoyaita hamu ya ndani. Miaka yote nimefundisha kama mpishi asiyeonja. Muhula huu nataka kuonja.

Nilimweleza Mwalimu Mkuu ofisini kwake. Sikio moja lilikuwa langu, jingine la simu. Nilipomaliza akasema, "Zawadi! Nimekuelewa. Tutabandika chati ya nyota kila darasa." Sikutaja zawadi hata mara moja. Mkufunzi ndiye aliyetuonya nazo. Lakini Mkuu alikuwa keshamtuma mtu manila na gundi, nami nikajiambia nusu shari kuliko shari kamili.

Jumanne, 5 Septemba

Darasa ni lile lile nililolipokea mwaka jana, sasa ndilo la mwisho, lenye mtihani wa Novemba. Wamerefuka. Sauti za wavulana zimeanza kukwaruza.

Mapacha wangu, wasichana wawili, wako pale pale dirishani. Ukiwaona hutawadhania pacha: mmoja mfupi, mnene, kicheko karibu, mwenzake mwembamba, macho makubwa, hasemi mpaka aulizwe. Wenzao waliwabatiza Chungu na Kifuniko, nao wakayapokea majina bila kununa, maana hakuna aliyewahi kumwona mmoja pasipo mwenzake. Kifuniko ni wa kwanza au wa pili kila mtihani. Chungu huwa mkiani, na akikosa jibu hucheka mwenyewe kabla hajachekwa.

Leo tena nimemkemea Kifuniko kwa tabia yake ya kusoma akinong'ona. "Soma kimoyomoyo, wewe si redio." Darasa likacheka. Akanyamaza kidogo, kisha midomo ikaanza tena.

Ijumaa, 8 Septemba

Chati imepanda ukutani. Majina upande wa kushoto, nyota zinaenda kulia. Mkuu ameagiza watoto wakae kwa kufuata nyota, wenye nyingi mbele. Nimemwomba tusubiri kwanza, hata mwezi. Kakubali kwa shingo upande.

Watoto wamewaka kama moto wa mabua. Hata wale waliokuwa wakilala baada ya saa sita wananyoosha mikono mpaka wanasimama. Kifuniko ana nyota nyingi kuliko wote. Chungu nimempa moja kwa kufuta ubao vizuri. Aliishika kwa ncha za vidole, akaniuliza, "Hii ya kufuta inahesabika sawa na ya kuandika?" Nikamwambia ndiyo. Akacheka.

Ijumaa, 15 Septemba

Moto wa mabua ni moto wa mabua. Leo nimewasomea hadithi, kwa raha tu, tupumzike na joto. Mkono ukanyooshwa: "Mwalimu, ina nyota?" Nikasema haina. Nikaona mabega yanashuka, dawati kwa dawati. Wiki iliyopita wangeniomba niendelee.

Bwana Jawabu, mwalimu wa hesabu wa madarasa ya chini anayestaafu mwakani, alikuwa mlangoni na fimbo yake kwapani. Alinisubiri nitoke. "Mwalimu, mimi ninachapa, wewe unagawa nyota. Unajua tofauti yetu?"

"Niambie."

"Yako ni fimbo iliyopakwa rangi."

Nilikasirika kwa sababu alisema kweli.

Jumatano, 20 Septemba

Joto. Mawingu yanakuja, yanatutazama, yanaondoka.

Jumatano, 27 Septemba

Kifuniko ameshuka. Jaribio la wiki iliyopita nilidhani ni homa. La leo ameshuka zaidi. Sasa yuko katikati kwenda chini, na kwenye chati nyota zake zimesimama kama saa iliyoisha betri, huku wengine wakimpita. Nimemwita, nimemwuliza kama anaumwa, kama amekula, kama kuna mtu anamsumbua njiani. Kila swali, "Hapana, Mwalimu." Anasema huku akitazama viatu vyangu.

Nikapitia yote niliyofundishwa. Labda amechoka. Labda nimemsifu mno, sasa anaogopa kushindwa. Nimempa kazi nyepesi aonje ushindi. Kaikosea hata hiyo.

Jumatatu, 2 Oktoba

Leo nimejua.

Wakati wa mapumziko nilipita nyuma ya darasa kutafuta kivuli, nikasikia sauti upande wa pili wa matangi ya maji. Ilikuwa ya Kifuniko, tena si ile ya kunong'ona: inatiririka, ina uhakika, inachekesha. Alikuwa akimweleza Chungu swali la sehemu, lile lile alilolikosa asubuhi mbele yangu. Alilieleza kuliko nilivyolieleza mimi. Akagawanya andazi la kufikirika, akamlisha mwenzake nusu, akamlisha robo, Chungu akaangua kicheko na kutoa jibu sahihi.

Nilisimama pale kivulini nikiwa na baridi. Mtoto huyu anakosa kwa makusudi.

Jumanne, 3 Oktoba

Nilimbakiza Kifuniko baada ya masomo. Chungu nilimtuma kupeleka chaki ofisini ili tubaki wawili.

"Jana nilikusikia nyuma ya matangi," nikamwambia.

Akatazama mlango aliotokea mwenzake.

"Mbona unajiangusha, mwanangu?"

Nilifikiri atalia. Hakulia. Alinijibu kama mtu mzima anayemweleza mwenzake jambo la nyumbani. "Nikifaulu nitapelekwa bweni. Mwenzangu hatafaulu. Nani atamsomea?"

"Kumsomea nini?"

"Kila kitu, Mwalimu. Yeye herufi hazimtulii. Anasema zinatambaa kama sisimizi. Tangu darasa la kwanza mimi namsomea kwa sauti ndogo, naye anashika kwa sikio. Ukinisomea mara moja mimi nasahau. Yeye hasahau."

Nikakumbuka midomo yake. Soma kimoyomoyo, wewe si redio. Nimekuwa na watoto hawa karibu miaka miwili, nimewasahihishia madaftari, nimewaandikia ripoti, na sikuwahi kuona kwamba mmoja alikuwa macho ya mwenzake.

"Anajua kwamba unakosa makusudi?"

"Hajui. Usimwambie, Mwalimu. Atanipiga." Na hapo ndipo alipotabasamu, mara moja tu.

Ijumaa, 6 Oktoba

Nimekwenda kwao. Wanaishi na bibi yao, mzaa mama. Mama alifariki akiwazaa, na baba haongelewi. Bibi hufua na kupiga pasi nguo za watu. Chumba kimoja, kamba zimekatiza kutoka ukuta hadi ukuta, mashati ya watu yananing'inia mpaka inabidi uiname kumwona unayezungumza naye. Harufu ya sabuni na mkaa.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wamevunja nini?"

Nikamweleza taratibu. Hakuacha kupiga pasi. Nilipofika kwenye ile ya kukosa makusudi, pasi ikasimama juu ya kola, nikaogopa itaunguza. Akainyanyua.

"Walizaliwa wameshikana mikono," akasema. "Mkunga aliniita nije kutazama. Kuwatenganisha vile vidole ilikuwa kazi." Akageuza shati. "Lakini mimi mtu mzima, Mwalimu. Leo nipo, kesho sipo. Wakibaki wote wawili hapa chini ya kamba hizi, nitakufa macho wazi. Mmoja avuke. Aliyevuka ndiye anayemvuta mwenzake."

"Na huyo mwingine?"

"Huyo atalia. Kilio hakiui."

Nilirudi nyumbani nikijua la kufanya, au nikidhani najua.

Jumatatu, 9 Oktoba

Nimeibandua chati. Mkuu alinikuta na vipande mkononi, akauliza kama nimepata kichaa. Tukapandishiana sauti pale pale kwenye baraza, walimu wengine wakajifanya wanatafuta funguo. Mwisho akasema, "Sawa. Lakini wakifeli, usije kunieleza habari za hamu ya ndani." Nikamwambia sitakuja.

Nimegawa darasa makundi. Kila kundi linajichagulia namna ya kujifunza somo: wapo waliochagua kuchora, wapo waliochagua kuulizana maswali. Kundi la Chungu lilichagua kusimulia. Akasimama akaeleza safari ya maji, kutoka mtoni mpaka mawinguni na kurudi, kwa mdomo tu, bila karatasi, na vile alivyoigiza tone la maji likiogopa kuanguka, darasa zima liligonga madawati. Hakuna aliyeuliza kama ina nyota. Chungu aliporudi kukaa, alimtazama mwenzake kwanza, halafu mimi.

Baada ya masomo nabaki naye peke yake. Nimekata kadi yenye kidirisha cha kuonyesha neno moja. Herufi zikiwa chache hazitambai sana.

Ijumaa, 13 Oktoba

Mvua! Watoto walipiga kelele za furaha, hata Mkuu alitoka nje akanyoosha kiganja.

Kisha ikakaza. Paa letu la mabati halina dari, na mvua ikipiga huwezi kumsikia aliye dawati moja nawe. Nikaandika ubaoni: SOMENI WENYEWE UKURASA WA ISHIRINI. Wakainamisha vichwa wote. Wote isipokuwa wawili. Kifuniko aliusogeza mdomo mpaka kwenye sikio la mwenzake, akajaribu, akajaribu tena, Chungu akatikisa kichwa. Hasikii. Akaweka mikono juu ya kitabu, akawa anatazama nje jinsi uwanja unavyojaa maji.

Hivyo ndivyo shule ilivyo kwake siku ambayo hakuna sauti. Na msimu ndio unaanza.

Jumatano, 18 Oktoba

Imenyesha kila mchana wiki hii. Leo ilikatika mapema, nikamchukua Kifuniko tukatembea kwenye uwanja wenye madimbwi.

"Nataka ufanye mtihani kwa nguvu zako zote," nikamwambia.

"Na mwenzangu?"

"Nitamsomea mimi."

Akasimama. "Wewe una darasa jingine mwakani."

"Nitamsomea baada ya kazi. Nitakwenda nyumbani kwenu."

"Kila siku?"

"Kila siku ya kazi. Mpaka ajue kusoma mwenyewe."

Alinitazama kwa muda mrefu, macho yale makubwa, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata. "Watu wazima husahau," akasema.

"Mimi sitasahau."

Hakuahidi kitu. Lakini nilijua nimegusa pale penyewe. Mtoto alikuwa hakosi uwezo, alikosa amani. Nimempa amani. Mkufunzi angeniona leo!

Jumatatu, 23 Oktoba

Kifuniko amerudi. Jaribio la leo, wa kwanza, na amemwacha wa pili mbali. Mkuu alipita darasani kumpa mkono.

Jambo jingine: mapacha wamehama dawati. Chungu ameomba kukaa nyuma, peke yake. Nilimwuliza kwa nini, akasema pale dirishani kuna upepo. Nimefurahi moyoni. Ni wakati wajifunze kusimama kila mmoja kwa miguu yake. Nadhani ile kazi ya kadi imempa kujiamini.

Alhamisi, 26 Oktoba

Nilimsimulia mume wangu mambo ya mapacha tukila. Yeye ni muuguzi, ameona watu. Nilitegemea anipongeze. Akauliza, "Na yule mnene anasemaje?"

"Anaendelea vizuri. Anacheka kama kawaida."

"Mgonjwa akiniambia haumwi," akasema, "huwa simtazami yeye. Namtazama aliyekaa ukingoni mwa kitanda. Mara nyingi anadanganya kwa ajili ya huyo."

Nikamwambia asiniletee hospitali mezani.

Jumatano, 1 Novemba

Mvua. Chungu amesoma sentensi nzima kwenye kadi: *Mbuzi amelala mlangoni.* Hakuruka hata neno moja. Nilimsifu mpaka nikaona aibu mwenyewe. Kifuniko alikuwa akipita barazani wakati ule, nikamwita aje asikie. Chungu akafunga kitabu. "Basi, Mwalimu, nimechoka." Kifuniko akapita.

Jumatano, 8 Novemba

Mtihani.

Sisi walimu wa darasa haturuhusiwi kuingia; wamekuja wasimamizi wageni, wanaume wawili wenye makoti. Nilisimama barazani ng'ambo ya uwanja. Bwana Jawabu alikuja kusimama nami. Fimbo yake aliiacha ofisini.

Asubuhi kulikuwa na jua, nikashukuru. Nilikuwa nimewaomba wasimamizi, kwa heshima zote, kama mtoto mmoja anaweza kusomewa maswali. Walisema hakuna maelekezo ya namna hiyo. Nikaenda kwa Mkuu, naye akawaomba, namsifu kwa hilo, aliwaomba hasa, mpaka akashika mkono wa mmoja wao. Maelekezo hayakuwepo.

Karatasi ya pili ilipoanza, mvua ikashuka. Niliwaona kupitia dirishani, vichwa vimeinama, kalamu zinakwenda. Nyuma kabisa, Chungu amekaa wima, mikono juu ya karatasi. Hakuwa analia. Alikuwa ametulia kama mtu anayesubiri zamu yake kwenye foleni ndefu.

Kifuniko akageuka. Mara moja tu. Alimtazama mwenzake kwa nafasi ya pumzi mbili tatu, na mimi kule barazani nikashika nguzo, maana nilijua kalamu ile ingeweza kuwekwa chini sasa hivi na yote yakaishia hapo. Nikamwona Chungu akigeuza uso ukutani.

Kifuniko akainama akaandika. Aliandika mpaka mwisho bila kuinua kichwa tena.

"Ameandika," nikasema. Nililia kwa furaha. Bwana Jawabu alinipa leso yake yenye chaki, akasema, "Mwenzake je?"

Alhamisi, 9 Novemba

Wamemaliza. Wamekimbia kwenye mvua wakirusha madaftari juu. Mapacha walitoka kwa malango mawili tofauti.

Ijumaa, 15 Desemba

Matokeo. Kifuniko ni wa kwanza shuleni, na amechaguliwa shule ya bweni ya wasichana, safari ya siku nzima kutoka hapa. Chungu hakufaulu.

Nilikwenda kuwaambia mwenyewe. Bibi alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja, akanikumbatia kwa mikono yenye povu. Aliyecheza kuliko wote ni Chungu. Alijifunga shuka la mteja kiunoni, akacheza chini ya kamba, watu wakacheka machozi yakawatoka. Kifuniko alikaa kwenye stuli karibu na mlango. Nilipompongeza aliniambia, "Asante, Mwalimu," kwa sauti ya mtu anayepokea pole.

Jumatatu, 8 Januari

Leo ameondoka.

Kituo cha mabasi kilikuwa tope tupu. Bibi alimfungia sanduku kwa kamba, akaifungua, akaifunga tena. Mimi nilileta kalamu na sabuni. Nilimwambia, "Ahadi yangu iko pale pale. Naanza keshokutwa." Akaitikia kwa kichwa.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio. Nilidhani tutawabandua kama yule mkunga. Lakini Chungu alisimama mbali, mgongo kwenye ukuta wa kibanda cha tiketi, akipiga mluzi. Bibi akamwita: "Njoo umuage mwenzako!" Akaja, akampa mkono kama watu wa ofisini. "Safari njema." Kifuniko akaushikilia ule mkono kidogo. Chungu akauvuta.

Basi lilipoondoka Kifuniko hakuchungulia dirishani. Nilishangaa, tena niliudhika. Nikasema moyoni, hivi ndivyo kufaulu kunavyowafanya watu. Tayari ana kiburi, na huyu mwingine ana wivu. Nimeandika hivyo ili niwe mkweli, kwa sababu ndivyo nilivyofikiri mpaka nafika nyumbani.

Jumatano, 10 Januari

Nimeanza. Natoka kazini, napita kwa bibi. Chungu sasa ndiye anayepiga pasi, bibi anafua tu. Anasimamisha pasi, ananisikiliza, anashika kadi, anasoma anachoambiwa asome. Mpole. Hakuna kicheko.

Jumatatu, 15 Januari

Wiki ya kwanza imepita. Hakosei sana, wala haendi mbele. Ni kama kumwagia maji chombo kilichofunikwa. Nimejaribu kila nililofundishwa. Nimempa achague kitabu: "Chagua wewe, Mwalimu." Nimempa maneno mepesi aonje ushindi. Anaonja, anatema. Nimemwambia habari za mwenzake, kwamba atafurahi akisikia anasoma. Hapo aliinuka akaenda kuchochea mkaa, nao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Ijumaa, 19 Januari

Mvua ilinizuia kwao mpaka magharibi. Bibi alikwenda kupeleka nguo, tukabaki wawili. Nilikuwa nimechoka, na uchovu ukanifanya niseme nisilopaswa.

"Ningejua una wivu kiasi hiki na mwenzako nisingehangaika. Hata kumuaga ulimuaga kama mgeni."

Aliweka pasi kwenye kisahani chake. Akakaa kitako sakafuni, mgongo kwenye kabati.

"Mwalimu, unafikiri alifanya mtihani kwa sababu ulimwambia utanisomea?"

Nikamwambia ndiyo. Nikamwambia tulizungumza uwanjani.

"Alirudi siku ile akaniambia yote. Akasema, Mwalimu ameahidi, lakini mimi siendi. Nitakosea mtihani wenyewe, huko hakuna atakayejua. Kwani mimi sikuwa najua kwamba anakosa? Mimi simjui mwenzangu? Tangu jaribio la kwanza nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilifurahi. Nilifurahi, Mwalimu. Nilisema moyoni, haniachi. Halafu bibi akaugua kifua wiki ile, usiku anakohoa, anasema, mmoja avuke, mmoja avuke."

"Ukafanya nini?"

"Nikamwambia simtaki. Nikamwambia kunong'ona kwake kumenitia aibu miaka yote, watoto wananicheka kwa sababu yake. Nikamwambia bora angezaliwa mwingine. Nikamwambia nimeomba kukaa nyuma nisisikie pumzi yake." Alisema hayo yote kwa sauti moja, kama alivyosimulia safari ya maji. "Alilia siku tatu. Mimi nikajifanya nimelala. Ndipo akaanza kuandika majibu ya kweli."

Mvua ilikuwa imeanza kupungua. Nikaona tena darasa lile, siku ya mtihani, na uso ukigeuzwa ukutani. Nikaona shuka la mteja kiunoni. Nikaona mluzi kituoni. Yote nilikuwa nimeyaandika hapa kwa mkono wangu, na yote nilikuwa nimeyasoma vibaya.

"Hajui mpaka leo?"

"Akijua atarudi. Unamjua."

Ni kweli. Angerudi kwa miguu.

Jumamosi, 20 Januari

Sijatoka nje. Nimemsimulia mume wangu. Hakusema "nilikwambia." Alinishika tu bega, akaenda kazini.

Nimejivuna muhula mzima kwamba nilimpa mtoto amani. Aliyemwinua mwenzake ni yule niliyempa nyota kwa kufuta ubao. Alimwinua kwa kujing'oa kwake, na hakuna mkufunzi aliyewahi kuniandikia ubaoni jina la kitu hicho.

Jumatatu, 22 Januari

Nilimwambia Chungu leo: "Niruhusu nimwandikie. Hata asirudi, ajue tu kwamba ulimpenda. Nitaandika vizuri, nitamweleza kwa nini."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Mwalimu."

"Anaumia kule, mwanangu."

"Najua anavyoumia. Mimi niliyasema kwa mdomo wangu. Hilo halina mtu wa kuniandikia." Akafuta mikono kwenye gauni. "Akimaliza shule yake, siku ambayo hawezi tena kurudi nyuma, nitamwandikia mwenyewe. Hiyo kadi iko wapi?"

Nikaitoa. Akasogea karibu na mlango penye mwanga, akakunja miguu. Hakuuliza tusome nini. Alivuta kitabu mwenyewe, akafungua, akaweka kidirisha juu ya neno la kwanza. Alikwama. Akarudi nyuma, akakwama pale pale, akapangusa macho kwa kiwiko, akarudi tena. Bibi alikuwa akikamua nguo nje na kukohoa. Ilichukua muda mrefu, mkaa ulizimika kwenye pasi, lakini mstari ule aliusoma mpaka mwisho.

Nilifungua mdomo kumsifu, nikaufunga. Hakuwa ananisomea mimi.